Subaru Inapochemka Mlimani: Kwanza Jua Maji Yanaenda Wapi

Mjini Nyeri, kwenye kimo cha zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi za Selsiasi. Nanyuki huchemka mapema zaidi kidogo, na Nyahururu, iliyo kwenye mita 2,300, hayafiki hata 93. Sasa, feni za rejeta kwenye Subaru nyingi zenye injini ya EJ huanza kuzunguka joto linapofika 95 au kupita hapo. Linganisha namba hizo. Gari ambalo rejeta yake haishiki presha linaweza kuchemsha maji kabla feni haijaanza kazi. Dereva wa Mombasa mwenye gari la aina hiyohiyo na kasoro ileile ana nyuzi sita za kumwokoa. Wewe wa Ruring'u au Kiganjo huna.

Naanza na hilo kwa sababu huku kwetu ugonjwa huu hutibiwa kuanzia mwisho. Mshale wa joto ukipanda mara moja tu, hukumu inatoka papo hapo: hiyo ni hedi gasketi. Injini inashushwa, pesa nyingi zinateketea, na baada ya muda mfupi gari linachemka tena kwenye milima ya Othaya kwa sababu mfuniko wa rejeta ni uleule wa zamani. Wengine hukimbilia upande wa pili. Wanatembea na mtungi wa maji kwenye buti, wanaongeza kila asubuhi kana kwamba gari lina kiu ya kuzaliwa nayo, hadi siku hedi inapopinda. Hao wote wawili wamerukia tiba bila kuuliza maji yanapitia wapi. Maji hayayeyuki tu ndani ya mfumo uliofungwa. Kama yanapungua kuna mahali yanapotokea, na kazi yako ya kwanza, kabla ya mtu yeyote kugusa spana, ni kupajua mahali hapo.

Nazungumzia hasa Impreza WRX na STI, Forester na Legacy za tabo, maana ndizo gari za mbio zinazopendwa zaidi Mlima Kenya. Mapenzi hayo yana chimbuko lake. Colin McRae alishinda Safari Rally kwa Impreza mwaka 1997, Richard Burns akashinda kwa Impreza mwaka 2000, na vijana waliosimama kando ya barabara wakipigwa na vumbi ndio wanunuzi wa leo. Lakini tusisahau kwamba Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika ambalo limezidi miaka 8. Maana yake ni kuwa WRX ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 unayoiona Nyeri imeishi nchini muda mrefu, imepita mikono mingi, na huenda imefunguliwa na mafundi kadhaa ambao hawakuandika popote walichofanya. Usiamini kifaa chochote cha kupoza injini kwenye gari kama hilo mpaka umekijaribu.

Mfuniko ndio pa kuanzia, na ndio wa bei nafuu kuliko vyote. Anayepika githeri Nyeri anajua kwamba sufuria ya presha inamwokolea kuni. Rejeta inafanya kazi kwa kanuni hiyohiyo. Mfuniko mzima unashikilia presha karibu sawa na ya hewa inayotuzunguka, na kwa presha hiyo maji matupu hapa Nyeri hayachemki hadi yafike kama nyuzi 115. Ukichanganya na kulanti nusu kwa nusu, unapita 120. Mfuniko mbovu unakurudisha kwenye 94. Mpira wenye thamani ndogo ndio umebeba nyuzi zote hizo za usalama.

Ufungue asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, uulete kwenye mwanga. Angalia mpira wa chini: ukiwa mgumu, una nyufa ndogo, au umeacha alama ya mduara iliyozama, umekwisha. Katikati kuna kidude kidogo cha chuma. Kivute kwa ukucha. Kinapaswa kutoka kidogo na kurudi chenyewe. Hicho ndicho kinachoruhusu maji yarudi kutoka kwenye chupa ya akiba injini inapopoa, na kikiganda kwa kutu maji yatatoka kila siku bila kurudi. Utaona chupa imejaa hadi mdomoni huku rejeta ikiwa na upungufu. Dalili hiyo hufanana sana na ya gasketi, na watu wamefungua injini kwa ajili yake.

Kwenye Subaru za tabo kuna jambo jingine linalowachanganya hata mafundi wazoefu. Zina mifuniko miwili: mmoja kwenye rejeta, mwingine kwenye tangi dogo la chuma lililokaa juu ya injini upande wa tabo. Hiyo mifuniko haifanani kwa presha, na ule wa tangi la juu ndio unaopaswa kupitisha maji kwenda na kurudi kwenye chupa. Ikibadilishana mahali, mfumo unavurugika ingawa yote miwili ni mipya. Tangi hilo ndilo lililo juu kuliko sehemu nyingine zote za mfumo, kwa hiyo hapo ndipo pa kupimia kiasi cha maji. Kutazama chupa peke yake ni kujidanganya.

Ukishajiridhisha na mifuniko, jiulize gari linachemka wakati gani. Swali hili linaokoa pesa kuliko kifaa chochote. Gari linalochemka likiwa limesimama, kwa mfano kwenye msongamano wa siku ya soko Karatina, halafu likapoa mara tu linapoanza kukimbia, lina shida ya hewa: feni, fyuzi, relei, au plastiki inayozunguka feni imevunjika. Washa kiyoyozi gari likiwa limesimama. Feni zinapaswa kuzunguka. Isipozunguka hata moja, umepata pa kuanzia.

Gari lililo baridi mjini lakini likachemka linapopanda kutoka Sagana kuelekea Karatina, au linapokimbia kwa kasi kutoka Naro Moru kwenda Nanyuki, ni kesi nyingine. Hapo hewa ipo ya kutosha. Ama rejeta imeziba ndani au imejaa udongo na nyasi kwa nje, ama themostati haifunguki yote, ama pampu haisukumi, ama gesi ya moto kutoka kwenye silinda inaingia ndani ya maji. Kabla ya kuogopa hilo la mwisho, chungulia chini ya bampa la mbele. Ile plastiki pana inayofunika tumbo la injini ilitoka kiwandani kwa sababu. Inaelekeza upepo upite kwenye rejeta. Kwenye magari mengi hapa imeng'olewa wakati wa kubadilisha oili na kuachwa gereji. Irudishe.

Kwa rejeta yenyewe, tumia kile kipimajoto kidogo cha kuelekeza, kinachofanana na bastola. Injini ikiwa na moto wa kawaida, pitisha mwale wake polepole kutoka juu ya rejeta hadi chini. Joto linapaswa kushuka taratibu. Ukikuta sehemu pana ya baridi katikati ya moto, mirija hapo imeziba, na mara nyingi kilichoziba ni kutu ya miaka ya kutumia maji ya mto au yale madawa ya kuziba matundu. Tazama pia plastiki ya juu ya rejeta. Ikiwa imegeuka kutoka nyeusi ikawa ya kahawia, imezeeka na itapasuka kwenye maungio yake, na mara nyingi itapasuka mlimani, kwenye presha kubwa.

Sasa kuhusu maji yanayopotea bila tone kuonekana chini. Mwite fundi mwenye pampu ya kupimia presha ya rejeta, ile ya mkono yenye geji. Injini ikiwa baridi, anaifunga mahali pa mfuniko, anasukuma hadi presha iliyoandikwa kwenye mfuniko, kisha mnaacha kwa robo saa na mnatulia. Mshale wa geji ukishuka, kuna tundu. Fuata kwa tochi. Anzia mbele, chini ya kifuniko cha taimingi belti, ambako pampu ya maji ikianza kufa hudondosha tone moja moja kupitia kitundu chake maalumu. Angalia chini ya injini pale hedi inapokutana na bloku, kila upande, kwa sababu injini hizi zimelala na gasketi zake zikianza kuvujisha kwa nje huvuja kwenye kona za chini. Kisha fika sehemu ambayo wengi hawafiki: paipu fupi za mpira zinazopeleka maji kwenye tabo na kuyarudisha kwenye tangi la juu. Hizo huokwa na joto la tabo mwaka baada ya mwaka. Zinapopasuka, tone linadondokea chuma chenye moto mkali na kugeuka mvuke hapohapo. Chini hutaona kitu. Utakachoona ni ukoko mwepesi, mweupe au wa kijani, umeganda kwenye maungio ya paipu, na harufu tamu utakayoisikia unapofungua boneti baada ya safari. Ukoko huo umewahi kufuta hukumu ya gasketi kwa WRX niliyoiona kwa macho yangu: paipu moja na vibano viwili, gari likapona.

Ndani ya gari nako usipasahau. Kapeti ya abiria wa mbele ikiwa na unyevunyevu wenye kunata, na kioo kikifunga ukungu wenye mafuta kila unapowasha hita, rejeta ndogo ya hita inavuja.

Kipimo cha presha kikishikilia imara, na maji bado yanapungua, ndipo tunapoanza kuizungumzia hedi gasketi kwa haki. Kwenye Subaru za aina hii, hasa zile za lita 2.5, gasketi mara nyingi hufa kwa namna ya pekee. Maji hayaingii kwenye oili. Gesi ya mlipuko ndiyo inayoingia kwenye maji, na hufanya hivyo injini inapobeba mzigo, tabo ikisukuma kwa nguvu kwenye mwinuko. Ukiwa umesimama gereji gari linaonekana zima kabisa. Fundi anakuambia hakuna kitu. Kesho yake Sagana linachemka tena.

Kwa hiyo lipime baada ya kupanda mlima. Endesha kwa nguvu hadi juu, simama mahali salama, acha injini ikiunguruma, fungua boneti na utazame chupa ya akiba bila kugusa mfuniko wowote. Viputo vinavyotoka mfululizo, kimoja baada ya kingine, bila kukoma, ni gesi. Maji yenye utando mweusi kama masizi ni ushahidi mwingine. Asubuhi inayofuata, kabla ya kuwasha, bonyeza paipu kubwa ya juu ya rejeta: ikiwa ngumu na injini imelala usiku kucha kwenye baridi, kuna presha iliyoingia isiyo ya joto. Uthibitisho wa mwisho ni ile dawa ya buluu inayopitishiwa hewa kutoka mdomoni mwa tangi. Ikikutana na gesi ya moshi hugeuka njano. Ni kipimo cha bei ndogo ukilinganisha na kushusha injini, na sioni sababu ya kukubali injini ishushwe bila hicho.

Kuna dalili mbili ambazo hali yetu ya hewa huzigeuza kuwa za uongo. Mvuke mweupe kwenye ekzosi asubuhi ya Julai si ugonjwa. Magari yote Nyeri hutoa, na hupotea injini ikipata moto. Ule utando wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha oili nao huwatia watu hofu bure. Mtu anayeishi King'ong'o na kufanya kazi mjini, akiendesha mwendo mfupi mara mbili kwa siku wakati wa baridi, injini yake haipati muda wa kukausha unyevu wake. Futa utando huo, nenda Nanyuki na urudi, kisha tazama tena. Chomoa kijiti cha oili pia: oili iliyo safi kwenye kijiti na utando kidogo kwenye kifuniko ni baridi tu.

Mshale wa dashibodi nao usiutegemee. Kwenye Subaru nyingi umetengenezwa utulie katikati ingawa joto halisi linapanda na kushuka, na unapoanza kuinuka mambo yameshaharibika. Nunua kile kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani na kutuma namba kwenye simu. Gari zima katika barabara zetu litakaa kati ya 80 na 95 na kitu, likipanda na kushuka taratibu. Likivuka 105 likiwa linakwenda, punguza mwendo uanze kuwaza. Ishara nyingine bora ni hita: ukiiwasha kwa moto wote na ghafla ikatoa baridi huku injini ina joto, maji yamekwisha au kuna hewa ndani. Wakati huo namba kwenye simu inaweza hata kushuka, kwa sababu sensa iliyokaa kwenye mvuke haipimi sawasawa. Ikitokea hivyo, simama.

Ukichemsha njiani, zima kiyoyozi, fungua hita yote, ondoa mguu kwenye mafuta, tafuta pa kuegesha. Kama joto limeanza kushuka na hita bado inatoa moto, acha injini iungurume taratibu dakika chache na feni zifanye kazi. Kama kuna mvuke unatoka, au hita ni baridi, zima mara moja. Usifungue mfuniko. Maji yaliyoko humo yana joto zaidi ya nyuzi 100. Yakipoteza presha kwenye kimo chetu yanageuka mvuke kwa kishindo na kukuvua ngozi ya uso. Subiri nusu saa na zaidi, mpaka paipu ya juu ishikike kwa mkono mtupu bila kuunguza, kisha tumia kitambaa kinene na uzungushe kidogo kidogo. Usimwage maji ya baridi juu ya injini, wala kuyajaza ndani ikiwa ina moto. Hedi ni za alumini na zitapinda. Na kama gari haliwezi kuendelea, litafutiwe lori la kubeba. Subaru huendesha magurudumu yote manne, hivyo kuvutwa huku mawili yakiburuzika kutakuongezea ugonjwa wa gia.

Kuna tiba tatu za njiani nisizozikubali. Ya kwanza ni kutoa themostati. Kwenye injini hizi themostati inapofunguka huziba pia njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto inazunguka bila kupita kwenye rejeta, na kwenye baridi ya Nyeri injini haifikii joto lake, ikamaliza petroli bure. Weka ya kiwandani, maana zile za bei ya chini huwa ndogo na hufunguka kwa kuchelewa. Ya pili ni kufunga feni moja kwa moja izunguke daima. Inaficha kasoro mpaka iwe kubwa. Ya tatu ni unga wa kuziba matundu. Hauchagui tundu la kuziba, na mirija ya rejeta ya hita ndiyo myembamba kuliko yote.

Kujaza maji kunataka subira. Mfumo wa tabo hubeba kati ya lita 7 na 8, na usipofikisha kiasi hicho ujue umefungia hewa ndani. Inua pua ya gari, fungua skrubu ya kutolea hewa kwenye kona ya juu ya rejeta, fungua hita, na umimine kulanti polepole kupitia tangi la juu. Iwe nusu kulanti na nusu maji yaliyosafishwa, yale yanayouzwa ya kuongezea betri, na uhakikishe si asidi. Wala usidhani kulanti ni anasa ya nchi za theluji. Inazuia kutu ndani ya alumini na kupandisha kiwango cha kuchemka, na sisi wa nyanda za juu tunaihitaji kwa yote mawili. Ile inayomwagika izoe yote. Ni sumu yenye utamu, na mbwa na watoto huionja.

Ikithibitika kwamba ni gasketi, basi fanya kazi mara moja na uimalize. Pande zote mbili zifunguliwe, hedi zipimwe kwa rula ya chuma na vipande vya kupimia nafasi. Zikiwa zimepinda kupita milimita 0.05, zipelekwe kusawazishwa kwa mashine, si kwa msasa wa mkono. Uso wa bloku upimwe vilevile. Chukua gasketi za chuma za matabaka. Pampu ya maji kwenye EJ inazungushwa na taimingi belti, kwa hiyo badilisha pampu, belti na roli zake kwa pamoja: pampu ikikwama baadaye itakata belti, na vali zitagonga pistoni. Baada ya hapo panda Sagana hadi Karatina ukiangalia namba kwenye simu, lala, na kesho yake asubuhi pima maji kwenye tangi la juu kabla ya kuwasha. Rudia hivyo wiki nzima.

Na kwa anayetaka kununua: liendee gari likiwa baridi. Fungua tangi la juu uone kama limejaa na maji yake yana rangi gani. Nusa chupa ya akiba, tafuta masizi, bonyeza paipu. Kisha liwashe mwenyewe, lipandishe mlima, rudi utazame viputo. Ukifika ukakuta boneti tayari ina moto, mwombe mwenye gari mkutane kesho yake alfajiri, kabla hajaliwasha.